Mbwa wawili wenye nguvu nyingi: anza na mmoja mmoja

Simu ninazopigiwa nyingi hufanana. "Mwalimu, nina mbwa wawili, wamenishinda." Nikifika nakuta banda moja, bakuli moja la ugali na dagaa, na ndugu wawili wa uzao mmoja waliofungiwa tangu alfajiri. Mlango ukifunguliwa wanatoka mbio, wanapishana na mwenye nyumba kana kwamba hayupo. Anaita majina yote mawili kwa mpigo, hageuki hata mmoja. Kisha ananiomba niwafundishe wote kwa pamoja, ili amalize gharama mara moja. Hapo ndipo ninapokataa.

Nakataa kwa sababu kosa hilo nililifanya mwenyewe. Miaka saba iliyopita, nikiwa tayari nimefundisha mbwa wa watu kwa miaka minne hapa Morogoro, nilileta nyumbani watoto wawili wa Malinois, dume na jike, mama mmoja. Malinois ni mbwa wa Ubelgiji, asili yake ni kuchunga kondoo, na siku hizi polisi na askari wa wanyamapori katika nchi nyingi wanamtumia kunusa na kufuata nyayo. Usipompa kazi, hujitafutia mwenyewe, na kazi atakayoipata ni kuchimba bustani yako au kutafuna viti. Dume nikamwita Radi, jike Kito. Niliamini watafarijiana nikiwa kazini, na kweli walifarijiana. Walilala pamoja, wakala pamoja, nikawatoa matembezi pamoja.

Walipofika miezi minane nilikuwa na mbwa wanaonipenda lakini hawanisikilizi. Kito hakuamua jambo kabla ya kumtazama Radi. Radi akikimbia, naye keshaondoka. Siku niliyompeleka Radi peke yake kwa daktari wa mifugo, Kito alilia na kukwaruza mlango mpaka kucha zikatoka damu. Niliporudi nikakaa naye sakafuni muda mrefu. Mtoto wa mbwa huizoea dunia zaidi kati ya wiki ya 3 na kama ya 14 ya maisha yake: watu, pikipiki, mvua ya bati, kuachwa peke yake kidogo. Kito alikuwa ameizoea dunia yote akiwa na Radi ubavuni. Bila Radi, kila kitu kilikuwa kipya.

Nikaanza upya. Mabanda mawili, bakuli mbili, ratiba mbili. Saa kumi na mbili asubuhi Radi anatoka na mimi kwa dakika 20, Kito anabaki na mfupa wake, kisha wanapokezana. Masomo yalikuwa mafupi, dakika tano hadi kumi, mara tatu kwa siku, kabla ya kula na si baada. Malipo ni ini la kuchemsha lililokatwa vipande vya ukubwa wa punje ya harage. Neno hutamkwa mara moja tu. Ukisema "njoo, njoo, njoo, we njoo!", unamfundisha mbwa kwamba neno lenyewe ni la nne.

Wanaodhani njia hii ni ya kudekeza wanyama ninawaelekeza hapa hapa mjini kwetu, Chuo Kikuu cha Sokoine, ambako shirika la APOPO linafundisha panya buku kunusa mabomu ya ardhini na vimelea vya kifua kikuu. Panya hasukumwi wala hapigwi. Anasikia mlio mdogo wa kidude cha mkononi pale pale anapopatia, kisha anapewa ndizi. Magawa, panya aliyezaliwa Tanzania na kufanya kazi Kambodia, alitunukiwa medali ya dhahabu mwaka 2020 kwa kazi iliyofundishwa hivyo. Mimi badala ya kidude natumia neno "Ndiyo!", fupi na kali. Siri yake ni wakati: lisemwe pale pale mbwa anapotenda. Ukichelewa mpaka ameinuka, umemlipa kwa kuinuka.

Majina nayo yana uzito wake. Mteja wangu mmoja aliwaita mbwa wake Simba na Samba, kisha akashangaa wanavyochanganyikiwa. Chagua majina yanayoachana sikioni, na uyatangulize mbele ya amri: "Kito, kaa" haimhusu Radi. Ninapowataka wote wawili nina neno moja tu, "Jamani!", na hilo nililifundisha mwisho kabisa, baada ya kila mmoja kuitika jina lake bila kumwangalia mwenzake.

Kuwakutanisha darasani kulichukua subira kuliko yote. Kila mmoja ana gunia lake. Mmoja anapofanya kazi, mwingine amelala kwenye gunia, na anayesubiri ndiye ninayemlipa zaidi. Watu hufanya kinyume: humlipa anayeruka na kukimbia, na yule aliyetulia husahaulika mpaka naye aanze fujo. Kulala juu ya gunia huku mwenzako anacheza ni kazi ngumu kwa mbwa kijana, ngumu kuliko kuruka ukuta.

Kabla ya hapo nilikuwa nimejaribu kuwachosha kwa mbio. Niliendesha baiskeli kilomita kumi, wao pembeni. Baada ya mwezi mmoja kilomita kumi hazikuwa kitu kwao. Nilikuwa nimetengeneza wanariadha. Pua ndiyo inayomchosha mbwa kwa namna inayomletea usingizi. Tawanya dagaa kwenye nyasi, ficha kipande cha ini ndani ya boksi lililojaa magunzi, mwache atafute robo saa. Mbwa mzima hulala nusu ya siku au zaidi. Mwenye nguvu nyingi asiyepata usingizi huo hana tofauti na mtoto aliyechelewa kulala: anapiga kelele kwa sababu amechoka.

Na jua letu si la kuchezea. Mbwa hatoki jasho mwilini kama sisi, hupoza mwili kwa kuhema. Joto lake la kawaida ni nyuzi 38 hadi 39. Likipita 41 maisha yake yako hatarini. Weka nyuma ya kiganja chako kwenye lami kwa sekunde saba. Ukishindwa, miguu yake nayo haiwezi. Akianza kuyumba na mate kuwa mazito, kivulini, mwagie maji ya kawaida, kisha kwa daktari.

Kiboko sikitumii, na penye mbwa wawili kina hatari ya ziada: anayepigwa asiyethubutu kukuuma wewe humgeukia aliye karibu, yaani mwenzake. Ugomvi mwingi ninaoitiwa umeanzia hapo, au kwenye bakuli moja. Husema fahali wawili hawakai zizi moja. Mbwa wawili hukaa, ila kila mmoja awe na mahali pake pa kulia, pasipoingiliwa.

Mtaani kwetu wazee hupita alfajiri kwenda msikitini. Kwa Waislamu wengi mate ya mbwa ni najisi. Mbwa akimrukia mtu, inabidi arudi nyumbani kujitoharisha, na swala inampita. Hilo ni jukumu langu, si lake. Kwa wiki sita nilisimama getini na mbwa mmoja mmoja: mtu anapita, mbwa anaketi, analipwa. Leo wanaketi bila kuambiwa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Askari wako leo wametulia."

Chanjo ya kichaa cha mbwa wanapata kila mwaka, na majirani wamekiona cheti. Akiumwa mtu, hata kama mbwa amechanjwa, aoshe kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, halafu hospitali bila kuchelewa.

Mwaka jana Kito aliketi kama kawaida mtu alipopita, lakini hakugeuka kuomba malipo yake. Jambo dogo hilo. Zamani, nilipokuwa nawaona kama kundi, lingenipita. Nilimfunua mdomo nikakuta fizi zimepauka, na nyuma ya sikio kupe mmoja aliyevimba. Daktari wa mifugo alithibitisha ugonjwa wa kupe, Kito akalazwa siku tatu. Nyumbani Radi alinusa banda la dada yake, akarudi kwenye gunia lake, akala chakula chake chote, akalala.