Kilimanjaro: tunautazama huku, unapandwa kule

Asubuhi moja ya Januari, baada ya mvua ya usiku kuosha hewa yote, nilipanda juu ya paa la nyumba yetu Pipeline, Nairobi, kuanika nguo. Upande wa kusini, mbali nyuma ya mabati ya viwanda, palikuwa na kitu cheupe, kipana, kama bakuli lililofunikwa kifudifudi. Kijana wa jirani aliyekuwa akijaza mitungi kwenye tangi akaniita: "Auntie, ona Mlima Kenya umetoka leo!"

Nilimshika bega nikamgeuza kaskazini. Kule Mlima Kenya wenyewe ulikuwa umesimama, vilele vya Batian na Nelion vimechongoka kama meno. "Ule ndio Mlima Kenya. Huu ni Kilimanjaro." Alikataa katakata. Kilimanjaro uko mbali, alisema, hauwezi kuonekana kutoka Nairobi.

Unaonekana. Kwa mstari ulionyooka ni kama kilomita 200 tu. Jiji letu liko juu, mita 1,700 hivi, na Kibo, kilele cha juu kabisa cha Kilimanjaro, kimefika mita 5,895, kwa hiyo mviringo wa dunia hauuzibi. Kinachouziba ni vumbi, moshi na mawingu, ndiyo maana huonekana alfajiri baada ya mvua na kufikia saa tatu umeshatoweka. Hata anayelala Amboseli, kilomita zisizofika 50 kutoka kileleni, akiamka saa mbili huenda akakuta wingu tupu. Ukitaka kuuona, damka kabla jua halijachomoza. Ukisafiri kwa ndege au kwa reli kwenda Mombasa, keti upande wa kulia.

Si hilo tu ambalo watu hukosea kuhusu mlima huu. Wengi husema, "Kilimanjaro uko Kenya." Hili linaniuma, kwa sababu jirani zetu Watanzania wamechoka kulisahihisha, na wana haki ya kuchoka. Vilele vyote vitatu, Kibo, Mawenzi na Shira, viko Tanzania. Mpaka unapita chini, upande wa kaskazini, na huku kwetu tumebaki na vidole vya miguu ya mlima, pale Loitokitok. Picha za ndovu wakiwa na theluji nyuma yao zinapigwa Amboseli, na hapo ndipo watu wanapochanganyikiwa. Picha imepigwa Kenya, mlima uko Tanzania.

Halafu kuna ile hadithi tuliyosimuliwa shuleni, kwamba Malkia Victoria wa Uingereza alimpa mjukuu wake, Kaisari Wilhelm wa Ujerumani, mlima huu kama zawadi ya siku ya kuzaliwa. Si kweli. Waingereza na Wajerumani waligawana eneo hili kwa mapatano ya 1886, na Wilhelm wa Pili hakutawazwa hadi 1888. Mstari uliochorwa kutoka mlango wa mto Umba hadi ziwa Victoria ulijipinda kuuzunguka mlima kwa sababu mwaka 1885 mawakala wa Kijerumani walikuwa wamekwisha kufanya mikataba na watawala wa Kichaga, akiwemo Mandara wa Moshi. Taveta ilibaki kwa Waingereza. Hadithi ya zawadi siipendi hata kidogo, kwa maana inawafuta Wachaga wote na kuacha bibi na mjukuu wake wakichezea milima ya watu.

"Si lazima kuvuka, kuna njia ya kupandia Kenya." Dhana hii ndiyo imewagharimu watu pesa. Wenzangu wawili wa kikundi chetu cha kupanda milima walimlipa muuzaji mmoja wa safari hapa mjini aliyewaahidi kupandia Loitokitok. Walifika na mabegi yao, wakaambiwa wavuke mpaka hadi Tarakea, upande wa Tanzania. Hawakuwa na pasipoti, wala hati ya muda ya kusafiria, wala kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Wakarudi Emali usiku huo huo, na pesa hawakuziona tena.

Dhana yenyewe ina mizizi. Zamani vijana walikuwa wakipandia Loitokitok kweli. Lakini 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika, Tanzania ikafunga mpaka, na haukufunguliwa hadi 1983. Leo njia iliyo karibu nasi kabisa ni ya Rongai, upande wa kaskazini, nayo lango lake liko Tanzania sawa na Marangu, Machame na nyingine zote. Huruhusiwi kupanda peke yako, lazima uwe na mwongozaji mwenye leseni. Jambo jema ni kwamba raia wa Afrika Mashariki hutozwa ada ya hifadhi ya chini sana kuliko wageni kutoka mbali, kwa hiyo usikubali kuuziwa kwa bei ya mzungu.

"Nina mazoezi, sitasumbuka." Hapa naomba unisikilize vizuri.

Binamu yangu hukimbia Ngong Hills kila Jumamosi, na Longonot ameuzunguka mara nyingi. Alichagua safari ya siku tano kupitia Marangu kwa sababu bei yake ilikuwa nafuu kuliko ya siku sita. Siku ya kwanza alitutangulia sote hadi kibanda cha Mandara. Siku ya pili, kibanda cha Horombo, mita 3,720, kichwa kilianza kumgonga na chakula hakikupita. Siku ya tatu tulifika kibanda cha Kibo, mita 4,700 hivi, na usiku tukiwa tunajiandaa kwenda kileleni niliona anashindwa kufunga kamba za viatu. Mwongozaji alimwambia atembee hatua kumi, kisigino mbele ya kidole, kama anapita kwenye uzi. Hatua ya tatu aliyumba kama mlevi. Mwongozaji hakubishana naye. Alimpa wapagazi wawili, taa kichwani, wakamshusha saa hiyo hiyo. Alipofika Horombo aliomba chai.

Kileleni kila pumzi unayovuta ina karibu nusu tu ya oksijeni unayoipata pwani. Mwili huizoea hali hiyo kwa siku, si kwa misuli. Mkimbiaji anaweza kuumia zaidi kwa sababu miguu yake inamruhusu kwenda haraka kuliko damu yake inavyoweza kujirekebisha. Kuumwa kichwa na kichefuchefu ni onyo. Kuyumba, kuchanganyikiwa, au kuhema hata ukiwa umekaa ni dalili kwamba ubongo au mapafu yanajaa maji, na dawa yake ni kushuka mara moja, hata kama kilele kiko mbele ya macho. Kuishi Nairobi hakukulindi, kibanda cha Kibo kiko juu karibu mara tatu ya mji huu. Ukiwa na pesa ya siku moja ya ziada, inunue siku hiyo kabla ya kununua koti jipya.

Wanaoogopa kamba na vyuma vya kupandia, poleni kwa hofu ya bure. Njia za kawaida za Kibo ni za kutembea kwa miguu. Mawenzi ndio unaohitaji kamba.

La mwisho ni la maji. Watu husema barafu ikiisha, chemchemi za Amboseli nazo zitakauka. Ni kweli barafu ya kudumu imepungua kwa zaidi ya asilimia 80 tangu 1912, na ule weupe unaouona baada ya mvua ni theluji ya msimu tu. Lakini chemchemi zinalishwa hasa na mvua na ukungu unaonaswa na msitu wa mlimani, kisha maji hupenya kwenye miamba ya volkano na kutokea huku chini. Chemchemi ya Nol Turesh, pale Loitokitok, ni mojawapo, na bomba lake hufikisha maji hadi Machakos na Athi River. Dada yangu anayeishi Athi River hajawahi kukanyaga Tanzania, ila maji ya bomba hilo yakija huyapikia chai. Ndiyo maana nikisikia msitu ule umeshika moto, humpigia simu.