Sili ya Mlango wa Shehena katika Ndege na Kazi Yake Wakati wa Moto

Sili ya mlango wa shehena ni ukanda wa mpira, aghalabu wa silikoni iliyoimarishwa kwa kitambaa, unaozunguka mlango wa chumba cha mizigo kilicho chini ya sakafu ya abiria. Wengi huijua kwa kazi ya kuzuia hewa isivuje ndege ikiwa angani. Kazi yake ya pili hutajwa mara chache, ingawa kwangu ndiyo nzito zaidi: kuizuia gesi ya kuzimia moto isitoroke.

Safarini hakuna awezaye kuingia katika chumba hicho na kizimamoto mkononi. Vitambuzi vya moshi hutakiwa kuwaarifu marubani ndani ya dakika 1 tangu moto uanze, nao hufungulia gesi ya haloni 1301. Mtungi wa kwanza humwagwa kwa mkupuo ili haloni ifikie asilimia 5 ya hewa ya chumbani na kuua miali. Kisha mtungi mwingine huachia gesi kidogo kidogo, kiwango kisishuke chini ya asilimia 3 mpaka ndege itue. Moto uliojificha ndani ya masanduku ya nguo huenda usizimike kabisa, hulala tu. Kwa ndege ya injini mbili inayovuka bahari, gesi hiyo lazima itoshe mpaka uwanja wa dharura, na dakika 15 za ziada. Sili iliyochanika huivuruga hesabu hiyo kimyakimya, kwa kuwa shinikizo la ndani ni kubwa kuliko la nje, na hewa inayopenya huondoka na haloni.

Zamani vyumba vya daraja D havikuwa na vitambuzi wala haloni. Vilizibwa tu ili moto ukose oksijeni. Tarehe 11 Mei 1996, ndege ya abiria aina ya DC-9 ya shirika la ValuJet iliyobeba jenereta za oksijeni za kikemikali katika chumba cha aina hiyo iliwaka moto na kuanguka katika kinamasi cha Everglades, Florida, na watu wote 110 wakafa, kwa maana mzigo wenyewe ulizalisha oksijeni iliyouchochea moto. Mwaka 1998 Marekani ikaagiza vyumba hivyo katika ndege za abiria viwekewe vitambuzi na mfumo wa kuzima moto kufikia Machi 2001. Tangu hapo kuziba kumekuwa na shabaha nyingine: kuitunza haloni.

Fundi anayeikagua sili humulika tochi na kupitisha vidole polepole katika ukanda mzima, akitafuta mchaniko, mpira uliokauka, sehemu iliyobonyea isiyorudi au iliyobanduka kwenye fremu. Upande wa kizingiti ndio huumia zaidi, kwani hapo ndipo masanduku huburutwa na kontena hugonga. Uchafu husafishwa kwa kisafishaji kilichotajwa katika kitabu cha matengenezo peke yake, kwa sababu grisi na mafuta yasiyofaa huweza kuuvimbisha mpira. Kidole kikinasa kwenye mpasuko, hata mdogo, huupima, huulinganisha na kipimo cha kitabu hicho, na huuandika kwenye logi kabla mlango haujafungwa.