Jina Sita Halitokani na Namba Sita

Msomaji wa Kiswahili anapokutana na jina la kike Sita, linalotumika sana India na Nepal, ni rahisi adhani kwamba aliyepewa ni mtoto wa sita. Sivyo. Namba yetu imetoka katika Kiarabu, ilhali jina hilo ni la Kisanskriti, lugha ya kale ya India isiyo na nasaba na Kiarabu, na maana yake ni mfuo, yaani ule mstari mrefu unaobaki ardhini plau inapopita.

Maana hiyo ni ya kale mno. Katika Rigveda, mkusanyo wa kale wa tenzi takatifu za Kihindu, kitabu cha 4, utenzi wa 57, Sita, yaani mfuo ukichukuliwa kama mungu wa kike, huombwa alibariki shamba ili litoe mavuno. Baadaye Ramayana, utenzi mrefu wa kale wa India, inasimulia kwamba Janaka, mfalme wa Mithila, alikuwa akilima uwanja wa ibada alipomwona mtoto mchanga wa kike mfuoni, akamwita Sita na kumlea kama bintiye; ndiyo sababu huitwa pia Janaki. Mwishoni mwa masimulizi, ardhi inafunguka na kumpokea tena, jambo ambalo, kwangu mimi, halieleweki vizuri pasipo kujua maana ya jina lake.

Wengine hulitafsiri kuwa “nyeupe”. Hapo wamechanganya maneno mawili, kwa kuwa neno la weupe lina irabu i fupi na jina hili lina i ndefu, tofauti inayoonekana wazi katika Devanagari, hati inayotumika kuandika Kisanskriti.