Mgeuko mzuri wa hadithi haufichwi

Wasomaji wengi wa manga (hadithi za katuni za Kijapani) za kutisha huamini kwamba mgeuko mzuri wa hadithi ni ule usioweza kubashiriwa na yeyote. Si kweli. Mgeuko usio na dalili yoyote nyuma yake mara nyingi ni uzembe wa mwandishi.

Tazama Shingeki no Kyojin ya Hajime Isayama, hadithi ya watu wanaoishi ndani ya kuta kubwa wakiogopa majitu walao watu, iliyotoka katika jarida la kila mwezi kuanzia 2009 hadi 2021. Sura ya 38, usiku, ngomeni: Ymir, askari, anasoma maandishi ya kopo la samaki, na Reiner, askari mwenzake, anamshangaa kwa kuyaweza. Basi. Wengi wetu tulipita pale mbio, akili ikiwa kwa majitu yaliyo nje. Sura ya 42, katikati ya maongezi, Reiner anakiri kwamba yeye ndiye Jitu la Deraya, mmoja wa maadui waliovunja kuta. Rudi sasa kwenye lile kopo: ni maandishi ya ng’ambo ya kuta, kwao Reiner! Dalili ilikuwa wazi, ila macho yetu yalikuwa kwingine.

Hata jina la sura ya kwanza, “Kwako, baada ya miaka 2,000”, lilijibiwa sura ya 122: “Kutoka kwako, miaka 2,000 iliyopita.”