Watoto Wakicheza: Kupiga Picha ya Kundi Bila Kuwakatiza Furaha

Picha nyingi za watoto wakiwa kundi huharibika kabla kamera haijawashwa. Mtu mzima anawapanga mstari, anawaamuru watabasamu, na anapofika "tatu" nusu yao wameshachoka. Tabasamu la kuamriwa halijifichi: midomo inanyooka, macho yanabaki vilevile. Daktari Mfaransa Guillaume Duchenne aliliandika hilo mwaka 1862, kwamba msuli unaozunguka jicho hausikii amri kama unavyosikia ule wa mdomo. Unaitikia furaha yenyewe. Ndiyo maana katika mafunzo yetu tunaanza na mchezo, kamera inafuata.

Waambie wakimbie kukujia, waruke pamoja, wavutane kamba. Mimi napenda zaidi ule wa kunong'onezana neno kutoka wa kwanza hadi wa mwisho. Vichwa vinasogeleana bila mtu kusema "sogeeni", na neno likifika mwisho limeshageuka kabisa, wote wanaangua kicheko. Bonyeza hapo, na uendelee kushikilia kitufe kamera ipige mfululizo, kwani katika kundi la watoto kumi ni rahisi kumpata aliyefumba macho. Kicheko kikianza kupungua usishushe kamera. Wakati huo ndipo wanapotazamana, mmoja akimwegemea mwenzake, mwingine akijifuta machozi ya kucheka, na mara nyingi picha bora hutoka hapo.

Piga magoti. Ukimpiga mtoto picha kutoka juu, kichwa kinakuwa kikubwa, miguu inafupika, na nyuma yake inaonekana ardhi tupu. Lenzi ikiwa usawa wa macho yake, unaingia katika mchezo wao.

Kwa wenye kamera: watoto wanaokimbia wanahitaji kasi ya shata (muda ambao kamera hufunguka kupokea mwanga) ya 1/500 ya sekunde au haraka zaidi, la sivyo mikono itatoka ukungu. Wakiwa safu mbili au tatu, tundu la lenzi linalopitisha mwanga liwe dogo kiasi, f/5.6 hadi f/8, ili wa nyuma nao waonekane vizuri. Kwa simu, epuka hali ya potreti, maana huwafifisha wa safu ya nyuma. Jua likiwa la utosi, macho yote huingia kivuli. Hamishia mchezo chini ya mti au pembeni mwa jengo.

Sasa yule anayejificha nyuma ya wenzake. Usimvute mkono. Mwulize kama anapenda kupigwa picha, na akikataa mpe kazi ya kuhesabu "moja, mbili, tatu" akiwa kando yako. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989 unampa haki ya kusikilizwa katika mambo yanayomhusu (ibara ya 12) na haki ya faragha (ibara ya 16), na haki hizo hazisitishwi kwa sababu leo ni sherehe.

Idhini ya wazazi iombwe kabla ya siku yenyewe, nao waelezwe picha zitawekwa wapi. Unapozisambaza mtandaoni usiandike majina ya watoto, ficha nembo ya shule, na uondoe taarifa za mahali ambazo simu huenda imezihifadhi ndani ya picha. Mtoto aliyeanguka sketi ikapanda, au aliyelia kwa kushindwa, picha yake ifute hapohapo, hata kama wengine wote wametoka wazuri.