Kutoka Luano hadi Guangzhou: hewani ni masaa mangapi?

Jirani yangu mmoja, mama anayeuza vikwembe, yaani vitenge, katika soko la Kenya hapa Lubumbashi, alipita nyumbani na tiketi mkononi. «Papa, nitakaa hewani masaa 24 mazima?» Tiketi iliandika kuondoka Luano, uwanja wetu wa ndege, saa 14:00, kufika Guangzhou, Uchina, kesho yake saa 14:00. Kazi yangu ni kupanga njia na mafuta ya ndege, na swali hilo huwa nalijibu kwa furaha.

Hapana, mama. Kila saa kwenye tiketi ni ya mji wake. Sisi Katanga tuko masaa 2 mbele ya saa ya dunia, Uchina iko 8 mbele. Toa tofauti ya 6: safari nzima ni masaa 18. Jambo hilohilo liko kwetu ndani ya nchi. Kinshasa iko saa 1 nyuma yetu, kwa hiyo ukitoka hapa saa 10:00 unatua N'djili, uwanja wa Kinshasa, karibu saa 11:20, halafu watu wanasema kurudi ndiko kurefu. Kilomita ni zilezile, kama 1,550.

Kisha akalalamika: «Mbona wanatuzungusha Addis Ababa?» Nikachukua mpira wa mtoto, nikachora miji mitatu, nikavuta uzi. Dunia ni mviringo, na njia fupi ni ile uzi unayoifuata ukikazwa. Luano hadi Guangzhou moja kwa moja ni km 10,100 hivi. Kupitia Addis ni 2,600 na 8,040, jumla 10,640. Nyongeza ni km 540 tu! Addis iko karibu kabisa na njia. Tena Luano iko mita 1,300 hivi juu ya bahari. Mchana wa joto la Oktoba hewa ni nyepesi, mabawa yanabeba kidogo, na ndege iliyojaa mafuta ya safari yote ingelazimika kuacha abiria au mizigo. Vikwembe vya mama ni mizigo.

Masaa ya hewani nayakadiria hivi: kilomita gawanya kwa 850, ongeza nusu saa ya kupaa na kushuka kwa kila mruko. Unapata masaa 13 na nusu. Manne na nusu yanayobaki ni ya kukaa kwenye kiti cha uwanja wa Addis, na hapo ndipo tiketi hutofautiana kweli.

Kuna pia upepo. Kwenye kimo cha kilomita 10 na zaidi, hasa Desemba hadi Februari, mkondo wenye nguvu hutoka magharibi kwenda mashariki juu ya Uarabuni na kaskazini mwa India. Ukisukuma ndege kwa km 50 tu kwa saa, kwenda kunapungua kama nusu saa, kurudi kunaongezeka kama nusu saa.

Mama akashika kalamu. Kurudi: kutoka Guangzhou saa 00:30, kufika Luano saa 13:00. Akahesabu 12 na nusu, akaongeza 6, akatoa 14 za hewani (13 na nusu pamoja na nusu saa ya upepo). «Kusubiri tena manne na nusu,» akasema, akaomba nimtafutie siku yenye kusubiri kufupi zaidi.