Je, wajua kwa nini BMI, kipimo cha uzito kulingana na urefu, hugawanya uzito kwa urefu mara mbili?

Uzito peke yake hausemi mengi. Kilo 72 kwa mtu wa mita 1.85 ni uzito wa kawaida kabisa. Kilo hizohizo kwa mtu wa mita 1.55 zinamfikisha mlangoni mwa kiribatumbo, yaani unene wa kupindukia. Ndiyo maana urefu lazima uingie kwenye hesabu. Lakini kwa nini uingie mara mbili?

Miaka ya 1830 Mbelgiji Adolphe Quetelet alichunguza vipimo vya watu wazima wengi, akaona uzito wao hupanda takribani sambamba na urefu uliozidishwa kwa wenyewe. Mtu mrefu si mfupi aliyevutwa sawasawa kila upande: miguu hurefuka kuliko mabega na kiuno vinavyopanuka. Jina BMI lilikuja baadaye sana, mwaka 1972, kupitia Mmarekani Ancel Keys.

Kwa kikokotoo cha simu, andika kilo, gawanya kwa urefu wa mita, kisha gawanya tena kwa urefu uleule. Mwenye kilo 72 na mita 1.64: 72 ÷ 1.64 ÷ 1.64 = 26.8. Wengi huzidisha urefu kwa 2, wakapata 3.28, jibu linakuwa 22, na mwenye uzito uliozidi anaenda zake akiamini yuko salama.

Kwa kuwa urefu unagawanya mara mbili, kosa dogo la urefu huuma zaidi. Mtu huyohuyo akipimwa na viatu vya sentimita 3, 26.8 inashuka hadi 25.8. Vua viatu, fumua nywele zilizofungwa utosini, simama visigino na makalio yakigusa ukuta, tazama mbele. Mwenzako alaze kitabu kigumu kichwani, ubavu wake ukibana ukutani, apige alama ya penseli chini yake. Mizani nayo ikae kwenye sakafu ngumu, si juu ya zulia. Jipime asubuhi kabla ya chai.

Kwa mtu mzima, chini ya 18.5 ni uzito pungufu, 18.5 hadi 24.9 kawaida, 25 hadi 29.9 uzito uliozidi, 30 na kuendelea kiribatumbo. Mjamzito asitumie ngazi hizi. Watoto na vijana hadi miaka 19 wana chati zao za umri na jinsia.

Tatizo ni kwamba BMI haitofautishi msuli na mafuta. Mpakuzi wa mizigo mwenye mwili uliojengeka anaweza kupata 27 bila kitambi, na mzee aliyepoteza misuli akapata 24 huku tumbo limejaa mafuta. Hapo chukua futi ya fundi cherehani. Pima mzunguko wa tumbo katikati ya ubavu wa mwisho na ncha ya juu ya mfupa wa nyonga, baada ya kutoa pumzi kawaida, bila kubana tumbo. Hatari ya kisukari na magonjwa ya moyo huanza kupanda mwanaume akizidi sentimita 94, mwanamke 80. Wakizidi 102 na 88, inapanda sana, hata kama BMI inasoma vizuri.